Picha ya mnyama ianze na chakula chake, si chetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie picha za wanyama ambazo wasomaji hutuma magazetini na kusambaziana kwenye simu, hasa msimu wa likizo. Nyingi zinafanana: tumbili ameshika biskuti, nyani kakaa juu ya boneti na kipande cha muwa, mwewe anadaka mkate hewani. Waliozipiga hawakuwa na nia mbaya. Walitamani kumwona mnyama kwa karibu, na njia waliyoiona ni kumpa kitu. Ninachoomba ni kuigeuza kazi hiyo: mpiga picha ajifunze kwanza mnyama anakula nini, wapi na saa ngapi, kisha akamsubiri hapo. Picha zitakuwa bora kuliko hizo, na mnyama hataumia.

Nianze na madhara, kwa sababu wengi wakisoma "usilishe wanyama" huona ni amri ya kibao tu. Chukua kima punju, yule mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe utosini, ambaye wageni humiminika kumpiga picha katika msitu wa Jozani, Unguja. Tumbo lake lina vyumba, na ndani yake vijidudu huyachachua majani kabla hayajasagika. Chakula chake ni majani machanga, machipukizi, maua na matunda mabichi. Ndizi mbivu au mkate vikiingia humo, sukari huchachuka haraka mno, asidi na gesi huongezeka, na mnyama huvimba tumbo. Mtu kampa ndizi kwa mapenzi, kumbe kamtia ugonjwa.

Kima huyo huyo ana tabia moja inayofaa picha kuliko ndizi yoyote: hula mkaa. Wale wanaoishi mashambani nje ya msitu hula sana majani ya mwembe na mkungu, ambayo yana lishe lakini yana sumu kidogo, na watafiti wanaeleza kuwa mkaa hunasa sumu hiyo tumboni. Huuokota kwenye matanuri yaliyozimika na kwenye visiki vilivyoungua. Atakayekaa kimya hatua kumi na tano kutoka kwenye kisiki cha namna hiyo atapata vidole vyeusi vimeshika kipande cheusi, midomo imepakaa masizi, na macho yametulia kwenye kazi yake.

Kwa nyani na tumbili madhara ni mengine. Katika barabara kuu inayokatiza Hifadhi ya Mikumi, nyani wamejifunza kukaa pembeni wakingoja kitakachorushwa kutoka kwenye mabasi, na anayekimbilia ganda la muwa ndiye anayegongwa na gari la nyuma. Mwewe wa sehemu ya kupumzikia ya Ngoitokitok, Ngorongoro, hushuka na kunyakua chakula mkononi, na kucha zake huchana ngozi. Kwa sokwe wa Gombe na Mahale, mafua ya binadamu yanaweza kuua, ndiyo maana wageni huelekezwa kukaa umbali wa mita 10, na Mahale huvaa barakoa. Kumlisha mnyama ndani ya hifadhi zetu za taifa ni kosa.

Na picha yenyewe huwa haina maana. Mnyama anayelishwa hutazama mkono, si kamera. Kwa kuwa mpigaji amesimama juu yake, unapata utosi na mgongo. Nyuma yake kuna tairi, chupa ya soda na miguu ya watu. Hakuna mpangilio wa kamera unaoweza kuponya hayo.

Sasa njia ninayoipendekeza. Mti wa kuanzia ni mkuyu. Mwembe una msimu wake unaojulikana, lakini mikuyu haizai kwa pamoja. Huu ukimaliza, ule unaanza, kwa hiyo hata kiangazi kikali ukizunguka kando ya mto hukosi mmoja wenye matunda. Kabla hujatoa kamera, tazama chini. Matunda ya kijani yaliyoanguka mazima yanakwambia bado. Yaliyopondeka, yenye harufu tamu na nzi juu yake, pamoja na kinyesi kilichojaa mbegu ndogondogo kwenye majani ya chini, yanakwambia walaji walikuwepo leo. Ukikuta vidonge vya nyuzinyuzi vilivyokamuliwa vikauka, hayo ni makapi ya popo: hutafuna tunda, akameza maji, akatema kapi. Njoo hapo jioni.

Asubuhi utapata ninga, njiwa wa porini ambaye rangi yake ya kijani humficha hadi utakapoona matunda yakidondoka bila upepo. Utapata kima na nyani. Na katika misitu kama ule ulio karibu na lango la Hifadhi ya Ziwa Manyara, utapata hondohondo, ndege mkubwa mwenye mdomo mkubwa uliopinda, ambaye utamsikia mvumo wa mabawa kabla ya kumwona. Hondohondo ana ulimi mfupi usiofika ncha ya mdomo. Hulichuma tunda kwa ncha, kisha hutupa kichwa nyuma na kulirusha tunda mpaka kooni. Kwa sehemu ndogo ya sekunde tunda liko hewani katikati ya mdomo uliofunguka, na hiyo ndiyo picha.

Ili kuipata, usisimame chini ya mti. Ukipiga kutoka chini unapata tumbo la ndege na anga jeupe. Rudi nyuma mita 25 hadi 30, na kama kuna mwinuko panda, ili lenzi ilingane zaidi na tawi. Jua liwe mgongoni kwako. Lenzi ya milimita 300 hadi 400 inatosha. Weka kasi ya shata, yaani muda kamera inaoruhusu mwanga uingie, 1/2000 ya sekunde, tundu la lenzi (upana wa njia ya mwanga) f/5.6 au f/6.3, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ijipange yenyewe isizidi 3200, na kamera ipige mfululizo. Fokasi, yaani pale picha inapokuwa wazi kabisa, iwe kwenye jicho, si kwenye mdomo, kwa sababu mdomo unasogea na jicho ndilo msomaji hulitafuta kwanza. Bonyeza kichwa kinapoanza kwenda nyuma. Ukingoja ulione tunda hewani umeshachelewa.

Hapo kuna kosa linalowakatisha tamaa wanaoanza: ndege anatoka kama kivuli cheusi. Kamera imepima mwanga wa anga, ikaona ni mwingi, ikapunguza. Tafuta kitufe chenye alama ya +/- na usogeze hadi +1, au +1.7 kama anga ni la mawingu meupe. Anga litapauka, na ni sawa, bora manyoya yaonekane. Kwa ndege mweupe kama yangeyange akivua kwenye maji yenye kivuli fanya kinyume, shuka hadi -0.7 au -1, la sivyo manyoya yatakuwa kama kitambaa kilichofuliwa na jiki, hayana hata mstari mmoja. Na chini ya miti mwanga hupita kwenye majani ukawa wa kijani. Uso wa kima huonekana mgonjwa. Piga kwa faili ghafi (RAW), ambalo kamera haijalichakata, badala ya JPEG, ili urekebishe rangi nyumbani bila kuharibu picha.

Najua wasomaji wengi wana simu tu. Simu haimfikii hondohondo, na ukikuza kwa vidole viwili unakata tu kipande cha picha na kukitanua, ndiyo maana kinatoka kama uji. Lakini simu pamoja na darubini ya kawaida ya 8x42 (inayokuza mara nane, yenye vioo vya mbele vya milimita 42) hufanya kazi nzuri. Kunja kingo za mpira za kioo cha jichoni kama ungevaa miwani. Iegemeze darubini kwenye shina, dirisha la gari au begi, usiishike hewani. Tafuta mnyama kwa jicho lako kwanza na urekebishe mpaka aonekane wazi, ndipo uweke lenzi kuu ya simu katikati ya kioo hicho. Mduara mweusi ukizunguka picha, sogeza simu mbele au nyuma milimita chache. Ukibaki kidogo, kuza mara 1.5 hivi utoweke. Gusa kioo cha simu palipo na mnyama na ushikilie mpaka fokasi na mwanga vifungwe. Piga kwa kipima muda cha sekunde 2 au 3, maana ule mguso wa kidole tu unatosha kutikisa picha iliyokuzwa mara nane. Anayechagua simu yenye lenzi nyingi ajue kuwa kwa kazi hii lenzi kuu ndiyo huwa na ubora mkubwa zaidi.

Kwa walio ndani ya gari, nunueni kitambaa kigumu, mshone mfuko wa sentimita 30 kwa 20, na mjaze maharage makavu au mchele hadi theluthi mbili. Ukiujaza wote unakuwa mgumu kama tofali na lenzi inateleza. Ukiacha nafasi unakunjamana na kuikumbatia lenzi kwenye ukingo wa dirisha. Zimeni injini. Mtetemo wa injini hauonekani kwa macho, lakini kwa lenzi ya milimita 400 unafuta manyoya yote. Mkirudi mwanike mfuko juani, kwa sababu maharage yaliyolowa mvua huota na kunuka.

Kando ya maji, rafiki wa anayejifunza ni mdiria, ndege mvuvi wa samaki. Hurudi kwenye kijiti kile kile, na utakijua kwa madoa meupe ya kinyesi chini yake. Akishaondoka, weka fokasi kwenye kijiti na uifunge. Akirudi na samaki hammezi papo hapo. Humpigiza kwenye kijiti mara kadhaa mpaka atulie, kisha humgeuza amtangulize kichwa, ili magamba na miiba ya mapezi ilale. Una sekunde kadhaa za kazi hapo, na kwa kasi ya 1/1600 utaona matone yakiruka kutoka kwenye mkia wa samaki. Kaa chini kabisa, kiwiko kwenye tope ikibidi, lenzi ikaribie usawa wa maji.

Kuhusu furukombe, yule tai mla samaki, hapa kuna jambo linaloniuma. Katika Ziwa Naivasha, Kenya, na kwingineko, ni kawaida mwendesha boti kupiga mluzi, kisha kurusha samaki mfu aliyechomekwa kipande cha bua la mafunjo ili aelee. Furukombe hushuka, kamera kumi zinalia, na picha inasambaa ikiitwa "uwindaji". Anayelijua ziwa huitambua: samaki amelala ubavu, tumbo juu, hakuna maji yaliyoruka kwa sababu ukucha haukuzama. Ndege anayewinda kweli huzamisha miguu, na maji huinuka kama pazia nyuma yake. Kumrushia furukombe samaki humzoesha kufuata boti, na humnyima msomaji ukweli. Mwendesha boti namwelewa, ana familia na anatoa kinachoombwa. Mwambie tangu gatini kwamba unalipia saa mbili za kukaa kimya karibu na mti wenye kiota au matawi makavu, na kwamba samaki wake apeleke nyumbani.

Kisha msome ndege. Huruka na kutua akielekea upepo unakotoka, kwa hiyo upepo na jua vyote viwe mgongoni kwako ili uso wake uje upande wako. Kabla ya kuruka huinama mbele, hukaza miguu, na mara nyingi hutoa kinyesi. Hapo kidole kiwe tayari. Kasi 1/2500 au zaidi, fokasi ya kufuatilia. Usijaze fremu nzima kwa ndege aliyekaa, maana akifungua mabawa, yatakatwa kingoni. Acha nafasi mara mbili ya upana wake.

Wala nyama ndio wanaohitaji kujizuia kwetu kuliko wote, na nasema hivyo hasa kwa ajili ya duma. Huwinda mchana, saa zile zile tulizopo. Akishaua huwa hoi. Huhema kwa dakika nyingi kabla ya kula, na fisi au simba akitokea huacha mzoga na kuondoka. Magari yakikusanyika, fisi na tumbusi si wa kuambiwa tena. Utafiti wa Maasai Mara uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kuwa katika maeneo yenye watalii wengi, duma jike alikuza kwa wastani watoto 0.2 tu kwa kila uzao mpaka wakajitegemea, na katika maeneo yenye watalii wachache 2.3. Tofauti hiyo iwekwe mbele ya kila dereva anayeambiwa na abiria "sogea kidogo tu".

Dereva asimame kando, asikate njia kati ya duma na watoto wake, na asiache barabara. Kama magari yamefika matano, nenda kwingine. Ukibaki, sahau picha ya damu, zipo maelfu. Duma anayekula huinua kichwa kila baada ya muda mfupi kutazama upeo wa macho, sikio moja mbele na jingine nyuma, nyama bado mdomoni. Piga hapo, kwa 1/800, f/8 ili kichwa na mzoga vyote viwe wazi. Baada ya saa 4 asubuhi joto la ardhi hutikisa hewa na picha ya mbali inakuwa kama imepigwa kupitia maji, na hata lenzi ya mamilioni haiwezi kuiokoa. Hali ni hiyo hiyo kwa heroe wa Ziwa Natron, wanaoinamisha kichwa juu chini na kuchuja mwani wa majini kwa mdomo: fika alfajiri, umalize kabla ya saa 3.

Kwa wasio na fedha za kiingilio cha hifadhi, mibuyu iko vijijini, Dodoma, Iringa, pwani yote. Mara nyingi kati ya Oktoba na Desemba ua la mbuyu hufunguka jua linapozama, jeupe, likining'inia kwenye kikonyo kirefu, na kesho yake jioni limeshakuwa kahawia. Popo wanalifuata kwa ajili ya maji matamu, na wao ni wachavushaji wake wakuu, kwa hiyo bila wao ubuyu ungepungua. Omba ruhusa kwa mwenye shamba. Chagua ua la chini, simamisha tripodi mita 3 au 4 kutoka hapo, na weka fokasi kwa mkono kabla giza halijaingia. Flashi mbili ziwe pembeni, si usoni, kwa 1/16 au 1/32 ya nguvu yake kamili. Watu hudhani flashi kali ndiyo humgandisha popo, kumbe ni kinyume: kwa nguvu kamili mwako wake hudumu muda mrefu na bawa linatoka ukungu, lakini kwa 1/16 hudumu takribani 1/10,000 ya sekunde na unaona hadi mishipa ya bawa. Shata 1/200, f/8, ISO 800. Popo hulikumbatia ua sekunde moja au mbili tu. Piga mara ishirini, thelathini, kisha zima umwache ale.

Msisahau kukipiga picha chakula chenyewe pale kilipo: tunda lenye alama za meno, ganda la ubuyu lililopasuliwa na nyani, uyoga ulioguguniwa. Usikichume wala kukipanga. Weka kidole au sarafu pembeni katika picha moja ili ukubwa ujulikane, na nyingine piga bila hicho. Uyoga uinamie mpaka chini uonyeshe vijikunjo vya chini ya kofia na kitako cha shina, kwani picha ya kofia pekee haiutambulishi. Hata hivyo mtu asile uyoga kwa kutegemea picha, iwe nzuri vipi.

Mhariri, ombi langu kwako ni dogo na halina gharama. Kila picha ya mnyama anayekula iandikwe chini yake anakula nini, wapi, na kama kuna aliyempa. Za kulishwa kwa mkono zisipewe nafasi kwenye ukurasa wa picha bora za wasomaji. Isipokuwa kwa faru, ambaye majangili humsaka: mahali pake pasitajwe kabisa. Wanaotuma wazime kwanza alama ya mahali kwenye simu, maana husafiri ndani ya faili bila mtu kujua. Maelezo yakiwa hivi yatatosha: "Hondohondo akila tunda la mkuyu, Ziwa Manyara, saa 2 asubuhi. Hakulishwa."

Mpiga picha za wanyamapori,
Arusha